Ndoa ya ng'ambo ya mpaka: mahari imelipwa, karatasi za binti je?

Na Mwandishi Wetu

Kwenye kikao cha mahari kila kitu huwa na jina na bei. Kuna mkaja wa mama, blanketi la bibi, ng'ombe au fedha badala ya ng'ombe, na soda za vijana waliokaa nje. Mshenga husimama, huomba radhi, hupunguziwa kidogo, na mwisho watu hula. Bwana harusi akiwa anatoka ng'ambo ya mpaka, labda Migori, Taveta, Kwale au Nairobi, wazee huongeza maswali mawili matatu: anafanya kazi gani, anasali wapi, kwao ni mbali kiasi gani.

Swali ambalo mara nyingi halina mwenye kulibeba ni hili: binti yetu akifika huko ataishi kwa kibali gani, na kibali hicho kitategemea sahihi ya nani?

Si swali la kumnyima mtu mke, ni swali la afya ya binti na ya watoto atakaowazaa. Mke anayehamia nchi jirani kwa udhamini wa mumewe huanza maisha akiwa na karatasi iliyofungwa kwenye jina la mume. Ndoa ikiwa na amani hilo halionekani kabisa. Huonekana siku mume anaposahau kuihuisha, anapopata ajali, au anapogundua kwamba karatasi hiyo inaweza kutumika kama fimbo.

Makala haya yanafuata safari ya Mtanzania anayeolewa Kenya, kwa sababu ndiyo inayozigusa familia nyingi za Mara, Kilimanjaro, Arusha na Tanga. Kuelekea mwisho tutaangalia pia anayekuja upande wetu.

Jumuiya haijafuta kibali

Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki ilianza kutumika Julai 1, 2010. Inampa raia wa nchi mwanachama nafasi ya kuingia nchi nyingine mwanachama na kukaa hadi miezi sita bila kulipia. Hapo ndipo wengi wanapochanganya mambo. Itifaki imerahisisha kuingia, lakini haikumgeuza aliyeingia kuwa mkazi.

Muhuri unaogongwa Namanga, Taveta, Lunga Lunga au Isebania una tarehe na muda uliopewa. Usomwe palepale dirishani kabla ya kuondoka, kwa kuwa muda unaoandikwa unaweza kuwa pungufu ya miezi sita. Siku hizo zikiisha, mke aliyeingia kama mgeni anahesabiwa kuwa mgeni aliyepitiliza, hata kama ana pete kidoleni na mtoto mgongoni.

Kwa jamii za mpakani jambo hili ni gumu kulimeza. Wakuria wana koo pande zote mbili, vivyo hivyo Wamasai wa Namanga na Wadigo wa Horohoro. Watu huvuka kwenda msibani, sokoni na kwa shangazi bila kupita dirishani. Binti anayeolewa kilomita chache kutoka kwao haoni kama amehama nchi. Lakini aliyepita njia ya panya hana muhuri, na siku atakapotaka kuomba kibali cha kuishi atatakiwa kuonyesha pasipoti na namna alivyoingia.

Ndiyo maana safari huanza na pasipoti yake mwenyewe. Pasipoti ya kielektroniki ya Tanzania hugharimu Sh150,000. Ni fedha nyingi kwa familia ya kijijini, lakini ni ndogo ukilinganisha na turubai na muziki wa siku ya kumuaga binti.

Cheti cha ndoa ndicho ufunguo

Mahari, baraka za wazee na picha za harusi vina heshima yake. Ofisi ya uhamiaji inataka cheti cha ndoa.

Hapa familia nyingi hukwama kwa sababu ya mazoea. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971, katika kifungu cha 160, inaruhusu mahakama kuwachukulia kama wanandoa watu walioishi pamoja kwa miaka miwili au zaidi na kuheshimika hivyo katika jamii. Dhana hiyo imewasaidia wanawake wengi katika kesi za mali na matunzo ya watoto. Haitoi cheti cha kupeleka dirishani Nairobi.

Ndoa ikifungwa Tanzania, iwe kanisani, msikitini, bomani au kimila, hakikisheni imesajiliwa na cheti chake kinatambuliwa na RITA. Ikifungwa Kenya, inaongozwa na Sheria ya Ndoa ya nchi hiyo ya mwaka 2014, ambayo inataka kila aina ya ndoa isajiliwe, ya kimila ikiwemo. Majina yaliyo kwenye cheti yafanane herufi kwa herufi na yaliyo kwenye pasipoti. Jina lililoandikwa Rhoda kwenye cheti na Roda kwenye pasipoti linaweza kumrudisha mtu nyumbani na kumlazimisha kutafuta hati ya kiapo.

Jambo lingine ambalo wengi hawalijui: miaka inayohesabiwa kwa ajili ya ukaazi na uraia ni miaka ya ndoa. Walioishi pamoja miaka mitano bila cheti, kisha wakafunga ndoa mwaka wa sita, wasitegemee kwamba ile mitano itahesabiwa.

Ngazi nne za mwenzi wa Mkenya

Ngazi ya kwanza ni ule muhuri wa mgeni. Ni wa kupita tu.

Ngazi ya pili ni pasi ya mtegemezi, na jina lake linajieleza. Mume, akiwa mdhamini, huandika barua ya kuomba, akaambatanisha kitambulisho chake, cheti cha ndoa na nakala ya pasipoti ya mke. Maombi hupitia mfumo wa mtandaoni wa Idara ya Uhamiaji ya Kenya. Pasi hutolewa kwa muda maalumu na lazima ihuishwe. Inampa mke ruhusa ya kuishi Kenya. Haimpi ruhusa ya kuajiriwa. Akitaka kazi anahitaji kibali cha jina lake. Na kwa kuwa anakaa zaidi ya miezi mitatu, anatakiwa kujiandikisha na kuchukua kitambulisho cha mgeni.

Ngazi ya tatu ni ukaazi wa kudumu. Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya Kenya ya mwaka 2011 inamruhusu mwenzi wa raia kuomba ndoa inapofikisha miaka 3. Mtu anaweza kuwa na hadhi hii huku akibaki Mtanzania.

Ngazi ya nne ni uraia. Ibara ya 15 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inasema mtu aliyekuwa kwenye ndoa na raia kwa miaka isiyopungua 7 ana haki ya kuandikishwa kuwa raia akiomba. Katiba inasema mtu, haibagui mke na mume, hivyo Mtanzania aliyeoa Mkenya naye amo. Sheria ya 2011 inaongeza masharti. Ndoa iwe imefungwa kwa mfumo wa sheria unaotambuliwa Kenya, isiwe ilifungwa kwa lengo la kupata kibali au uraia, na wanandoa wawe wanaishi pamoja wakati wa kuomba.

Sharti hilo la mwisho lisomwe mara mbili. Tuchukue mfano wa kufikirika wa binti wa Tarime aliyeolewa Migori Januari 2019, ndoa ya kanisani yenye cheti. Januari 2022 angeweza kuomba ukaazi wa kudumu. Januari 2026 angefikisha miaka ya kuomba uraia. Kama hakuomba ukaazi wa kudumu, akaendelea na pasi ya mtegemezi mwaka hadi mwaka, na mwaka wa sita mume akamfukuza, anabaki na karatasi ambayo mdhamini wake hataki tena kuitia sahihi. Watoto watatu wana nchi, yeye hana kibali.

Kwa sababu hiyo ngazi ya tatu ndiyo ya kuikazania. Wanandoa wengi huiruka kwa kuona pasi ya mtegemezi inatosha, au kwa kusubiri uraia ufike. Ukipita mwaka wa tatu wa ndoa, mzazi, muulize binti yako kama ameomba.

Kuhusu uraia, pasiwe na haraka. Kenya inawaruhusu raia wake kuwa na uraia wa nchi mbili. Tanzania kwa kawaida haimruhusu mtu mzima. Kabla binti hajajaza fomu ya uraia wa Kenya, aulize Uhamiaji au ubalozi ni nini kitatokea kwa uraia wake wa Tanzania, tena apewe jibu kwa maandishi. Shamba la urithi nalo limo ndani ya swali hilo, maana Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 kwa kawaida hairuhusu asiye raia kumiliki ardhi Tanzania isipokuwa kwa uwekezaji. Upande wa Kenya, Ibara ya 65 ya Katiba inamruhusu asiye raia kumiliki ardhi kwa ukodishaji usiozidi miaka 99.

Ujauzito hausubiri ofisi

Maharusi wengi hupata ujauzito ndani ya mwaka wa kwanza, wakati karatasi bado ziko njiani. Hapo ndipo suala la kibali linapoingia wodini.

Shirika la Afya Duniani tangu 2016 linashauri mjamzito aonane na mtoa huduma angalau mara nane, na mara ya kwanza iwe kabla ya wiki ya 12. Katika hudhurio hilo la kwanza hupimwa wingi wa damu, kundi la damu, shinikizo la damu, kaswende na VVU. Haya ni mambo ambayo yakigunduliwa mapema hutibika au hudhibitiwa, na yakigunduliwa chumba cha kujifungulia huua.

Mke asiye na uhakika na hadhi yake huahirisha. Anaogopa kuulizwa kitambulisho mapokezi. Anasikia lafudhi yake ikimtaja kabla hajataja jina. Wakwe nao humwambia asubiri pasi itoke. Wiki ya 12 inakuwa ya 20, ya 20 inakuwa ya 30, na kliniki inamwona akiwa amebakiza wiki chache.

Mambo mawili anapaswa kuyajua kabla hajavuka. La kwanza, Ibara ya 43 ya Katiba ya Kenya inampa kila mtu haki ya huduma za afya, zikiwemo za uzazi, na inasema mtu hatanyimwa matibabu ya dharura. Haikuandikwa kwamba ni kwa raia pekee. Mjamzito anayetokwa damu, mwenye degedege au aliyeshikwa uchungu asikae nyumbani kwa kuogopa karatasi.

La pili ni bima. Tangu Oktoba 1, 2024 Kenya iliachana na mfuko wake wa zamani wa NHIF, na sasa inatumia Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA. Mwajiriwa hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara. Asiye na ajira rasmi hukadiriwa kulingana na hali ya kaya yake, na kiwango cha chini ni Sh300 za Kenya kwa mwezi. Mchango wa mwenye kaya unamhusu mwenzi na watoto, lakini mwenzi lazima aingizwe kwenye mfumo kwa kitambulisho kinachotambulika. Kwa mke mgeni, hapo ndipo kitambulisho cha mgeni kinapokuwa na kazi kuliko kusimama kwenye foleni ya benki. Mume kuwa na SHA haina maana kwamba mke ameandikishwa. Aulizwe waziwazi, na aonyeshe kwenye simu.

Faili la afya la kubeba

Mabegi ya binti anayeolewa mbali hujaa vitenge, sufuria na mashuka. Liwepo na bahasha moja ya plastiki yenye vitu hivi.

Kama ni mjamzito, kadi ya kliniki namba 4 yenye majibu yote ya vipimo. Kenya atapewa kijitabu cha afya ya mama na mtoto, lakini muuguzi atajaza historia yake kutoka kwenye kadi ya zamani. Bila kadi, vipimo huanza upya na tarehe ya matazamio hukisiwa.

Kama ana mtoto, kadi namba 1 ya ukuaji na chanjo. Habari njema ni kwamba ratiba za nchi hizi mbili zinafanana kwa sehemu kubwa. BCG hutolewa anapozaliwa, pentavalenti hutolewa wiki ya 6, 10 na 14, na surua-rubela hutolewa miezi 9 na 18. Mtoto aliyeanzia Musoma anaweza kumalizia Kisii bila kurudia, mradi kadi ipo. Anayehamia eneo la Ziwa upande wa Kenya aulize pia chanjo ya malaria, ambayo ilianza kutolewa katika baadhi ya maeneo ya magharibi mwa Kenya mwaka 2019.

Kama anatumia uzazi wa mpango, aandikiwe aina na tarehe. Sindano ya miezi mitatu ikichomwa kwao Machi, lazima ajue kwamba Juni anatakiwa kliniki mpya. Kijiti kimoja hukaa miaka 3 na kile cha vijiti viwili hukaa miaka 5. Mwenye kijiti asiyejua tarehe yake anakaa na kitu mkononi ambacho hakijui kama bado kinamlinda.

Kama anatumia dawa za kupunguza makali ya VVU, achukue barua ya uhamisho kutoka kituo chake pamoja na dawa za kutosha hadi apate kituo kipya. Pande zote mbili hutoa dawa hizi bure katika vituo vya umma, na kidonge kinachotumiwa na watu wazima wengi ni kilekile chenye dolutegravir. Kinachovunja tiba ni wiki za katikati, wakati mtu yuko ugenini, hajui kituo, na hajajua atawaambia nini wakwe. Hali ni hiyohiyo kwa mwenye presha, kisukari, kifafa au pumu. Dawa iandikwe kwa jina lake halisi, si kwa jina la boksi, kwa sababu boksi hubadilika mtu akivuka mpaka.

Kadi ya njano nayo iwemo. Chanjo ya homa ya manjano hudumu maisha yote kwa utaratibu wa kimataifa tangu Julai 2016, hivyo asikubali kuchanjwa tena kwa sababu tu kadi ina miaka zaidi ya 10.

Mtoto ni wa nchi gani?

Mtoto wa baba Mkenya ni raia wa Kenya kwa kuzaliwa, awe amezaliwa Kisumu au Mwanza. Katiba ya Kenya inatoa haki hiyohiyo kupitia mama. Kwa upande wetu, Sheria ya Uraia ya mwaka 1995 inamtambua aliyezaliwa nje ya nchi kuwa raia wa Tanzania kwa kurithi ikiwa baba au mama ni raia, ila si wa kurithi. Hivyo mtoto wa mama aliyezaliwa Tanzania na baba Mkenya anaweza kuwa na nchi zote mbili utotoni. Akifikisha miaka 18, Tanzania inamtaka achague.

Haki hiyo haifanyi kazi bila cheti cha kuzaliwa. Kenya inataka uzazi usajiliwe ndani ya miezi sita, Tanzania ndani ya siku 90. Jina la mama liandikwe kwenye cheti kama lilivyo kwenye pasipoti yake. Akija nyumbani likizo na mtoto bila baba, abebe cheti hicho na barua ya ridhaa ya baba. Ofisa wa mpakani anaweza kuviuliza, na anauliza kwa nia njema, kwa kuwa ndivyo wizi wa watoto unavyozuiwa.

Sahihi inapogeuka fimbo

Sehemu hii wazazi hawapendi kuisoma, lakini ndiyo inayookoa maisha.

Ukatili wa ndani una sura nyingi. Kwa mke aliyehamia kwa udhamini kuna sura ya ziada. Mume anaweza kuificha pasipoti, kukataa kuhuisha pasi, au kumtishia kwamba akienda polisi atarudishwa kwao na watoto watabaki. Matokeo yake kiafya ni yaleyale tunayoyaona popote penye ukatili: mimba kuharibika, sonona, majeraha yanayosemwa ni ya kuanguka bafuni, na dawa za kila siku zinazoachwa. Tofauti ni kwamba huyu hana dada wa kumkimbilia mtaa wa pili.

Sheria ya Kenya ya Kujikinga dhidi ya Ukatili wa Majumbani ya mwaka 2015 inamruhusu anayedhulumiwa kuomba amri ya ulinzi mahakamani. Namba 1195 hupokea taarifa za ukatili wa kijinsia nchini Kenya bila malipo, na 116 ni ya watoto kwa Kenya na Tanzania. Tanzania ina ubalozi Nairobi na ubalozi mdogo Mombasa. Pasipoti iliyofichwa au kuchanwa inaweza kuombwa upya.

Kinga bora huwekwa mapema, watu wakiwa wanacheka. Pasipoti ikae kwa mwenyewe. Picha za pasipoti, pasi, cheti cha ndoa na vyeti vya watoto ziwe kwenye simu ya mama yake au kaka yake. Laini ya simu iwe imesajiliwa kwa jina lake. Awe na akiba ya nauli ya kurudi ambayo haombi. Mume mwema hatakasirishwa na lolote kati ya haya, na anayekasirika amejieleza mapema.

Mauti nayo yapo. Mume akifariki, udhamini unakwisha. Sheria ya Kenya ya 2011 imemkumbuka mjane. Anaweza kuomba uraia baada ya miaka 7 tangu siku ya ndoa, kama angestahili iwapo mwenzi wake angekuwa hai. Lakini katika kipindi cha kati anahitaji hadhi ya kuishi. Mwenye ukaazi wa kudumu hulia msiba wake. Mwenye pasi ya mtegemezi hulia huku akihesabu siku.

Mkwe anapokuja upande wetu

Wapo Wakenya wanaoolewa au kuoa na kuhamia Arusha, Moshi, Tanga na Dar es Salaam. Hapa sheria yetu ina tofauti ambayo wazazi wa mabinti wanapaswa kuijua.

Mwanamke mgeni aliyeolewa na Mtanzania anaweza, chini ya kifungu cha 11 cha Sheria ya Uraia ya 1995, kuomba uraia wa tajnisi kwa msingi wa ndoa yake. Mwanamume mgeni aliyemuoa Mtanzania hana mlango huo. Anapita njia ya kawaida ya tajnisi, inayotaka awe amekaa nchini miezi 12 mfululizo kabla ya kuomba, na jumla ya miaka isiyopungua 7 katika miaka 10 iliyotangulia hiyo. Kama anataka kufanya kazi, anahitaji kibali cha kazi kutoka kwa Kamishna wa Kazi na kibali cha ukaazi kutoka Uhamiaji.

Kwa hiyo binti Mtanzania anayeolewa na Mkenya na kutaka waishi Moshi, asidhani mume ataandikishwa kwa urahisi kama wifi yake Mkenya aliyeolewa na kaka yake. Nyumba inaweza kuegemea mshahara wa mke kwa miaka kadhaa. Hilo lizungumzwe kabla ya kukata tiketi.

Maswali ya kuuliza kabla ya harusi

1. Ndoa itafungwa wapi, na nani atafuatilia cheti hadi kipatikane mkononi?

2. Pasipoti ya binti imetoka? Majina yanafanana na ya cheti cha kuzaliwa na cha ndoa?

3. Maombi ya pasi ya mtegemezi yatapelekwa lini, na nani atalipa ada zake?

4. Binti ataandikishwa lini SHA kama mwenzi, na kituo cha afya kilicho karibu na nyumba yao ni kipi?

5. Ana kazi au taaluma? Kibali chake cha kazi kitaombwa lini?

6. Ndoa ikifika miaka 3, nani atakumbusha kuhusu ukaazi wa kudumu?

Mshenga mzuri hatashtuka. Anaweza kuondoka na karatasi yenye maswali haya na kurudi na majibu wiki ijayo, kama anavyorudi na majibu kuhusu ng'ombe. Fomu na ada hubadilika, kwa hiyo majibu yathibitishwe katika ofisi ya Uhamiaji ya nchi anakokwenda.

Na kama binti yako tayari yuko huko, mpigie leo umuulize tarehe ambayo pasi yake inaisha. Iandike kwenye kalenda ya simu yako pia, na uiwekee kengele miezi mitatu kabla.